Kimya cha Chumba Namba Tisa

Kijiko kilianguka huko mwisho wa korido, kijiko kimoja tu cha bati, na mwili wa Koleo ukakakamaa wote. Shingo ikarudi nyuma, mgongo ukanyanyuka juu ya godoro, akabaki ameegemea kisogo na visigino. Meno yalikuwa yamebanana. Jasho lilimtoka usoni likatiririka hadi masikioni. Mkewe, ambaye macho yake yalishazoea giza la chumba, alisimama kando ya kitanda, mikono ameificha makwapani isije ikamsaliti ikaenda kumshika, akawa anahesabu kimoyomoyo. Sista ndiye aliyemfundisha kuhesabu. Ikifika thelathini hajavuta pumzi, mwite.

Ilifika ishirini na mbili. Mgongo ukashuka taratibu, pumzi ikapita puani kwa mlio mwembamba. Macho yake yakamtafuta mkewe humo gizani hadi yakampata. Hilo ndilo lililomuumiza mwanamke huyu kupita yote. Akili ya mumewe haikuwa imeguswa. Alikuwa anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na maumivu yake yote alikuwa anayapata akiwa macho.

Alitamani kumwambia kwamba ni kijiko tu, mume wangu, kimeanguka. Hakumwambia. Sauti yake nayo ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokatazwa.

Katazo la Sista lilikuwa fupi: usimguse, usiwashe taa, usiseme naye. Alilitoa siku ya kwanza, pale mlangoni, kwa kunong'ona. "Sumu ya pepopunda ikishakamata mishipa ya fahamu, mama, hatuna cha kuitoa. Tunachofanya ni kumtuliza kwa dawa na kungoja. Akivuka wiki mbili, mwili unaanza kumwachia. Kinachowaua ni mshtuko. Sauti, mwanga, mkono wa mtu. Siku koo likibana likakataa kufunguka, basi tena."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mtafutie kimya."

Basi Mama Pacha, kama alivyoitwa tangu alipojifungua watoto wawili kwa mpigo, akawaacha mapacha kwa dada yake na kuja kutafuta kimya hospitalini. Si kazi nyepesi. Chumba namba tisa kilikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Sista alikisafisha kwa mikono yake kwa sababu ndicho kilichokuwa mbali na lango. Kasoro yake ilikuwa dirisha, pana, lisilo na pazia, linalotazama uwanja wa hospitali. Lakini Mama Pacha alikuwa mtu wa magunia. Miaka kumi na mmoja alikuwa anashona magunia yaliyochanika kwenye ghala la nafaka. Alileta manane, sindano yake ndefu iliyopinda na kitita cha uzi, akayaunganisha manne manne, akayafunga matabaka mawili kwenye nondo za dirisha. Chumba kikawa giza tororo saa sita mchana. Sista alipoingia akapapasa ukuta, kisha akamshika bega Mama Pacha na kulibana kwa nguvu.

Mlangoni, kwa nje, alilala mzee mmoja aliyevunjika mguu, ambaye kitanda chake kilikuwa koridoni kwa kukosa nafasi wodini. Huyu alijipa uaskari bila kuombwa. Kila aliyepita alisikia mnong'ono ukitoka kwenye shuka: "Wewe mwenye kwato, vua viatu." Wauguzi walivua. Wafagiaji walivua. Daktari mwenyewe alivua akapita na soksi zake zilizotoboka kidole gumba, na Mzee wa Korido akamwambia pole daktari, hata wewe.

Hiyo ilikuwa siku ya nne. Zilibaki kumi.

*

Jina la Koleo alipewa kazini. Zege likishakauka kwenye jengo, mbao zilizolishikilia hubomolewa, na kazi yake ilikuwa kung'oa misumari kwenye mbao hizo, kuinyosha inayonyosheka na kuzipanga mbao zitumike ghorofa inayofuata. Aling'oa misumari kutwa nzima. Alikuwa mtu wa mzaha, mwembamba, mwenye mdomo usiochoka, na watu walipenda kukaa karibu naye wakati wa kula.

Siku ya kuajiriwa walipangwa mstari mbele ya meza. Msimamizi alikuwa na daftari kubwa lenye safu: viatu vya kazi, jozi moja, glavu, jozi moja, chanjo ya pepopunda, mara tatu. Hakuna aliyeviona viatu. Hakuna aliyeiona sindano. Kila mmoja alitia sahihi kwamba amepokea vyote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na si kwenye kampuni hiyo peke yake. Ukitaka kazi, unasaini. Kijana mmoja aliuliza viatu viko wapi, na msimamizi akamuuliza kwani amekuja kufanya kazi au kukagua. Kijana akasaini.

Baada ya sahihi ulipewa kadi ya rangi ya waridi yenye muhuri wa duara na tarehe tatu za chanjo. Mbili kati ya tarehe hizo zilikuwa bado hazijafika.

"Mke wangu," Koleo alisema jioni ile, akiipunga kadi, "mimi nimeshachomwa sindano hadi ya mwakani. Na wala haikuuma."

Walicheka. Kazi ilikuwa imepatikana, kwa nini wasicheke?

Mwaka uliofuata, tarehe zote tatu zikiwa zimeshapita, msumari ulimwingia kupitia kandambili, ukatoka na kutu na uchafu wa siku nyingi. Alichechemea hadi nyumbani. Mama Pacha alimwosha kwa maji ya chumvi na asubuhi akamsindikiza kwenye zahanati iliyo karibu na jengo, ile ambako kampuni ilipeleka wafanyakazi wake. Njiani alimwambia, "Ukifika useme ukweli. Sema hukuchomwa."

"Nikisema sikuchomwa nimesema nini? Nimesema kampuni inadanganya. Na nimesema na mimi nimedanganya, maana sahihi ni yangu. Yule tabibu na msimamizi wanakula sahani moja. Kesho nimemwaga unga."

"Mguu wako je?"

"Mguu utapona. Kazi haiponi."

Tabibu aliuliza, "Kadi unayo?" na Koleo akaiweka mezani, tena aliinyosha kwanza kwa kiganja. Tabibu akasoma tarehe, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliosha kidonda, akafunga bendeji, akampa vidonge vya maumivu. "Sindano huna haja nayo, umeshapata," alisema. "Una bahati. Siyo kampuni zote zinawajali watu wao."

Mama Pacha alikuwa amekaa pale pale, ubavuni mwa mumewe, mkoba mapajani. Maneno yalimfika kooni. Alimtazama Koleo, na Koleo akamkazia macho, na yeye akayameza. Tangu hapo hapakupita saa ambayo hakuyakumbuka maneno yale. Hayakuwa mengi. Daktari, hakuchomwa. Basi.

Siku ya tisa tangu msumari umwingie, Koleo aliketi kula akashindwa kufungua mdomo. Nyusi zilimpanda, midomo ikavutika pembeni, meno yakaonekana yote. Mama Pacha alidhani ni utani wake. "Acha bwana, chakula kinapoa," alimwambia, na sura ile ilivyozidi kukaa akashikwa na kicheko, na mapacha nao wakacheka, mmoja akaanza kumuiga baba yake kwa kuvuta midomo kwa vidole. Walicheka wote watatu. Koleo alikuwa anawatazama huku machozi yanamtoka, na ilichukua muda kabla mkewe hajayaona.

Huko hospitalini daktari alikuta kadi kwenye mfuko wa shati. "Mbona hapa anaonekana amekamilisha chanjo?"

Safari hii alisema. Alisema yote, daftari, sahihi, tarehe zilizoandikwa kabla hazijafika. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akairudisha kadi mfukoni mwa shati kwa uangalifu.

"Mimi naandika ugonjwa, mama. Habari za kampuni siandiki."

*

Siku hiyo ya nne, saa mbili na nusu asubuhi, viatu vilisikika koridoni. Mzee wa Korido alinong'ona maneno yake. Viatu havikusimama.

Mama Pacha alitoka haraka na kuuvuta mlango nyuma yake. Alikuwa Katibu wa hospitali, mtu mnene mwenye tai nyekundu na karatasi ya ratiba mkononi, na nyuma yake vijana wawili wa usafi, na Sista aliyekuja mbio huku viatu vyake ameshika mkononi.

"Nani kaweka magunia dirishani?" Katibu aliuliza kwa sauti yake ya kila siku.

Mama Pacha aliweka kidole mdomoni. Katibu alikitazama kile kidole.

"Mimi, baba," alinong'ona. "Mgonjwa wangu hatakiwi mwanga. Wala sauti. Nakuomba tusogee kule."

"Mama, hii ni hospitali, si ghala. Leo saa nne mgeni rasmi anakuja kufungua ukumbi wa mapokezi. Jukwaa liko pale. Akiinua macho tu anakutana na magunia. Wapiga picha wapo. Yatolewe."

"Katibu," Sista alisema, "ni pepopunda. Giza ni sehemu ya matibabu. Nilileta maombi ya mapazia mwezi wa pili."

"Na nikayapitisha. Mapazia yamekuja."

"Yako wapi?"

"Yametundikwa kwenye ukumbi mpya."

Sista alimsogelea. "Tuazime moja tu. Kwa leo."

"Yamehesabiwa kwa madirisha. Likipungua moja patabaki pengo, na Mheshimiwa atauliza." Katibu alikunja ratiba yake. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na watoto, na alikuwa hajalala vizuri kwa wiki nzima kwa ajili ya sherehe hii. "Jamani, ni saa moja tu. Mgonjwa amevumilia siku nne, atashindwa na saa moja?"

Mama Pacha alipiga magoti. Alipiga magoti kwenye sakafu ya korido mbele ya vijana wa usafi, na hakuona haya hata chembe. "Baba yangu, magunia nitayatoa. Lakini zile spika. Nimeziona zinafungwa. Zimetazama huku kwetu. Naomba zigeuzwe zitazame barabarani. Hicho tu."

"Zimetazama wodini kwa makusudi. Mheshimiwa ametaka wagonjwa nao wasikie. Hotuba yenyewe inawahusu."

"Wengine wakisikia wanapona, Katibu," Mzee wa Korido alisema kutoka kitandani. "Huyu akisikia anakufa. Mwambie Mheshimiwa achague."

"Mzee, wewe una kitanda," Katibu alimjibu. "Kuna watu wako chini."

Vijana wa usafi walitaka kuingia wayang'oe magunia. Mama Pacha aliwazuia, akaomba aachiwe mwenyewe, na walimwachia, tena mmoja wao alimkabidhi kiwembe chake huku anatazama pembeni. Akaingia. Alikata fundo moja moja, ule uzi aliouvuta kwa meno siku nne zilizopita, na kila gunia alilishusha polepole kama mtu anayelaza mtoto. Ilimchukua nusu saa. Lilipobaki la mwisho alisimama nalo kifuani, mgongo kwenye kioo, akijaribu kuziba mwanga kwa mwili wake. Haukuzibika. Mwanga ulipita juu ya mabega yake ukamfikia Koleo usoni.

Ishirini na tano.

Sista alimfunika macho kwa kitambaa cheusi, kwa ncha za vidole, na hata huko kuguswa kuligharimu mshtuko mwingine. Kisha akamvuta Mama Pacha hadi pembeni.

"Dawa ya kumtuliza imebaki vichupa viwili," alimnong'oneza sikioni. "Nilitegemea nipate vingine asubuhi hii. Ufunguo wa stoo anao mfamasia, na mfamasia yuko kwenye mstari wa kumpokea mgeni tangu saa tatu. Wote wamepangwa pale na makoti mapya. Nimetuma mtu."

"Akasemaje?"

"Baada ya sherehe."

Walisimama wote wawili wakimtazama mgonjwa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nne Mama Pacha alimwona mumewe kwenye mwanga. Alikuwa amekwisha. Mbavu zilihesabika, mpira wa uji ulikuwa umebandikwa puani, na mdomo ulikuwa umevutika pembeni vile vile, meno nje. Mtu huyu alikuwa anawachekesha watu ghorofa nzima.

*

"Moja, mbili. Moja, mbili. Haloo. Moja."

Sauti ilipiga ukuta na kioo kikatetemeka. Koleo alinyanyuka kwa ghafla kiasi kwamba kitanda kiligonga ukuta. Mama Pacha alihesabu. Ishirini na saba. Sista alikuwa ameshavunja shingo ya kichupa cha kwanza, akaisukuma dawa kwenye dripu.

Dawa ilifanya kazi yake. Kwa robo saa alitulia. Hotuba za utangulizi zilipita, mtu fulani alimshukuru mtu fulani, na kila makofi yalipopigwa mwili wa Koleo uliruka kidogo na kurudi. Mama Pacha alianza kuamini. Alijisemea kwamba saa nne imeshapita, saa tano inakaribia, na saa moja ni dakika sitini, na dakika sitini zinakwisha.

Ndipo yakaja matarumbeta.

Sista alitumia kichupa cha pili. Akakitikisa, akakinyonya kwa bomba la sindano hadi tone la mwisho. Mshtuko haukungoja dawa iingie. Ulikuja juu ya mwingine, kabla wa kwanza haujaisha, na uso wa Koleo ukaanza kubadilika rangi kuanzia kwenye midomo. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Sista alimgeuza kichwa, akamvuta makohozi kwa mpira, na pumzi ikapita, nusu tu, kwa mlio wa mlango mbovu.

"Sina kingine," Sista alisema. Hakunong'ona tena. "Nikitoka hapa hana mtu wa kumfungulia njia ya hewa. Nenda wewe. Waambie wazime. Sema nimesema mimi. Sema chochote, mama, lakini wazime."

Alitoka mbio, peku, kitenge kikimfunguka. Mzee wa Korido alimpungia mkono apite upesi. Jua lilimpiga machoni akajikwaa kwenye ngazi, akainuka.

Uwanja ulijaa. Viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, migongo ya watu ikitazama wodini, na jukwaa mbele yao. Mwendesha mitambo alikaa kando na mashine yake, kijana mwenye miwani ya jua.

"Kaka, zima. Nakuomba zima, mgonjwa anakufa."

"Nini?"

"Zima hizo spika. Mume wangu yuko kile chumba pale. Kila sauti inamuua."

Kijana alivua miwani. Alimwelewa, hilo lilionekana. Akatazama wodi, akatazama safu ya mbele. "Dada, mimi naendesha tu. Nikizima Mheshimiwa akiwa hapa nitalala ndani. Mwambie Katibu, akinipa ishara tu nazima. Sasa hivi nazima."

Katibu alikuwa safu ya mbele, kiti cha tatu kutoka kwa mgeni rasmi. Mama Pacha alipita kati ya viti, akiomba samahani kwa watu asiowaona. Mlinzi alimshika mkono. Alijivuta. Mlinzi akamshika tena, na safari hii kiti kilianguka, na watu wakageuka, na mshereheshaji aliyekuwa amesimama jukwaani na kipaza sauti, tayari kumkaribisha Mheshimiwa, akaona kwamba kuna mwanamke anazuiwa.

Mshereheshaji alikuwa mzoefu. Alijua namna ya kuokoa sherehe.

"Mwacheni, mwacheni mama apite!" alisema, na sauti yake ilitoka kwenye spika zote nne. "Mheshimiwa, huyu ni mwananchi wa kawaida kabisa. Mama, una mgonjwa hapa hospitalini?"

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa.

"Mnaona? Ana mgonjwa, na amekuja peku, mbio, ili asikose kumwona mgeni wetu. Njoo mama. Panda. Huwezi kuja hadi hapa ukarudi bila kusema neno."

Wakampandisha. Mkono mmoja ulimsukuma mgongoni, mwingine ukamvuta juu. Kutoka jukwaani aliona turubai lote, vichwa vyote, na juu ya vichwa, mbali kidogo, dirisha la chumba namba tisa likiwa wazi. Alimwona Sista. Sista alikuwa ameinama, mgongo wake unapanda na kushuka.

Mshereheshaji alimsogezea kipaza sauti mdomoni.

Alivuta pumzi aseme. Zimeni. Neno moja. Mdomo ulikuwa umeshafunguka alipozisikia spika zikivuma kwa ile pumzi yake, pumzi tu, ikapita juu ya uwanja mzima na kwenda kugonga ukuta wa wodi. Akafunga mdomo.

Alimgeukia mshereheshaji, akatikisa kichwa, akamwonyesha spika, akamwonyesha dirisha. Aliziba kipaza sauti kwa kiganja na kumnong'oneza, "Izime hii kwanza, kaka, nikuambie." Mshereheshaji, ambaye masikio yake yalikuwa yamejaa mvumo wa mitambo, hakusikia. Alimwondoa kiganja kwa upole, akitabasamu.

"Usiogope, mama. Mheshimiwa ni mtu wa watu. Zungumza."

Mgeni rasmi mwenyewe aliinama mbele kitini, akamtikisia kichwa kumtia moyo. Katibu alikuwa anamtazama bila kupepesa, na jasho limelowesha kola yake. Mama Pacha alimtazama Katibu. Alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, akainua mkono akakata hewa, hivi, kata, kata. Katibu aliangalia ratiba yake.

Dirishani Sista aliinua kichwa, akaita mtu ambaye hakuwapo, akainama tena.

"Machozi," mshereheshaji alisema taratibu, na sauti yake nene ikajaa uwanja. "Mheshimiwa, unayaona machozi haya? Mama amezidiwa na furaha. Maneno yamemwishia. Jamani, tumsaidie mama yetu."

Mama Pacha aliinua mikono yote miwili mbele ya watu, viganja wazi, akiwasihi wasipige. Walidhani anawasalimu. Makofi yakaanza safu za nyuma, karibu na wodi, yakaja mbele, na matarumbeta yakadaka. Mgeni rasmi akasimama kupiga makofi. Kwa kuwa yeye amesimama, safu ya mbele ikasimama, na ya pili, na zote, na dirisha likafichika nyuma ya vichwa vyao.